Kabla Hujatuma Pesa ya Kwanza: Jinsi Kampuni ya Tovuti Inavyoendesha Kazi Yako

Ujumbe umeingia kwa WhatsApp: "Kotesheni ni Sh80,000. Tuma nusu leo tuanze kazi." Simu iko mkononi, pesa iko kwa laini, na sekunde chache tu zinatosha wewe kumaliza upande wako. Upande wao ndio kwanza unaanza. Tovuti ya duka dogo, ikifanywa vizuri, huchukua wiki kadhaa, na muda huo wote mteja wa kawaida hajui ni nini kinaendelea huko. Akiuliza imefika wapi, anajibiwa "tunaishughulikia". Basi anangoja.

Swali ambalo hutufikia baada ya mambo kuharibika ni hili: "Nilimtumia fundi pesa na hakumaliza kazi. Mnaweza kunirudishia?" Jibu fupi ni hapana. Kule kutuma ujumbe wa M-PESA kwa 456 ni kwa pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Pesa uliyomtumia mtu uliyemkusudia, kwa kazi mliyoelewana, haikupotea njia. Ilifika kwa mwenyewe. Kwa hivyo ulinzi wako uko kabla ya kuweka PIN, na unatokana na kujua kazi ya tovuti huenda vipi, hatua kwa hatua, na kila hatua inakuachia nini mkononi.

Mimi nilijifunza kwa njia ngumu. Zamani kidogo nilikuwa nauza mapazia. Kijana mmoja alinitengenezea tovuti nzuri tu, nikamlipa zote siku ya kwanza, na kazi akaimaliza. Mwaka uliofuata, Jumatatu moja ya Desemba, tovuti ikazimika. Kumbe jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake. Notisi za kulipia zilikuwa zinamwendea yeye, na yeye alikuwa amebadilisha laini. Hakuniibia, alisahau tu. Lakini lile jina lilikuwa kwenye bango la duka, kwenye kalenda mia mbili nilizokuwa nimechapisha, na kwenye kila risiti.

Nani anafanya nini huko

Ukiingia kwenye kampuni ya tovuti yenye watu kumi utakuta kazi imegawanywa. Kuna meneja wa mradi, ambaye kazi yake ni kuongea nawe, kupanga tarehe na kuhakikisha kila mtu anajua anachosubiriwa. Kuna mbunifu anayechora jinsi kurasa zitakavyoonekana. Kuna mtaalamu wa programu, yule anayegeuza mchoro kuwa kitu kinachofanya kazi. Wakati mwingine kuna wa kuandika maneno, na wa kujaribu kila kitufe kabla wewe hujaonyeshwa. Katika kampuni nyingi za kwetu watu hao wote ni wawili, na pengine ni mmoja mwenye kompyuta na kahawa nyingi. Hiyo si kasoro. Fundi mmoja makini anashinda ofisi ya vioo isiyoshika simu. Unachotaka kujua tangu siku ya kwanza ni nani atakujibu ukiwa na swali, na kwa njia gani.

Jambo jingine ambalo wateja husahau: huko hauko peke yako. Wana kazi tano au sita kwa wakati mmoja, kama fundi wa nguo mwezi wa Desemba. Kila nguo ina siku yake mezani. Siku yako ikifika na hujaleta kitambaa, anachukua ya mwenzako, nawe unarudi nyuma ya foleni.

Maswali kwanza, bei baadaye

Kampuni inayokupa bei kabla haijakuuliza chochote inabahatisha, ama ina tovuti moja inayowauzia watu wote ikibadilisha rangi. Kuuza tovuti iliyo tayari si dhambi, ila ulipie bei ya kitu kilicho tayari.

Kikao cha kwanza kinafaa kuwa cha maswali. Unauza nini? Nani ananunua, na anatumia simu gani? Kwa sasa watu wanakupata vipi? Na wakifika kwa tovuti, unataka wafanye nini: wapige simu, waje dukani, au walipe hapo hapo?

Hilo la mwisho ndilo linaloamua bei. Tuseme unauza viatu vya shule Nakuru. Tovuti ya kuonyesha picha, bei na ramani ya duka ni kurasa nne au tano. Tovuti ya kuuza ni mambo mengine kabisa. Lazima ijue viatu vya saizi 6 vimebaki jozi ngapi, ihesabu gharama ya kutuma parseli Kisumu, iombe malipo, ingoje jibu, itoe risiti, na ijue la kufanya malipo yakikwama katikati. Zote mbili zinaitwa tovuti. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukuambia Sh25,000 na mwingine Sh200,000, na hakuna kati yao anayekudanganya.

Baada ya maswali upate karatasi. Wao huiita skopu, na ni makubaliano ya kazi yenyewe. Iseme kurasa ni ngapi na ni zipi, nani anaandika maneno na nani anapiga picha, utapewa raundi ngapi za marekebisho, njia gani za malipo zitaunganishwa, na nani analipia jina la tovuti na hostingi mwaka wa kwanza. (Uliza pia mwaka wa pili ni pesa ngapi, bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kukuvutia.) Halafu kuna mstari mmoja ambao wengi hawauandiki, na ndio unaookoa urafiki: vitu ambavyo havimo kwenye kazi hii.

Mstari huo ni muhimu kwa sababu utakuja kusema "ongeza tu kidogo". Kila mteja husema hivyo, mimi pia nilisema. Kidogo chako, kwa mfano mahali pa wateja kujisajili na kuona oda zao za zamani, kwa fundi ni siku nne za kazi. Kampuni iliyojipanga haikatai na haifanyi kimya kimya. Inakuandikia kwamba hiki hakikuwemo, kitaongeza shilingi kadhaa na siku kadhaa, je unakubali? Ukipata jibu kama hilo usikasirike. Wa kuogopa ni yule anayesema "hakuna shida bosi" kwa kila kitu, maana siku moja atachoka na kazi yako na hatakwambia.

Pesa itembee pamoja na kazi

Kuomba malipo ya kwanza si utapeli. Kampuni inakufungia wiki kadhaa za watu wake, na nayo imeshaumwa na wateja wanaotoweka baada ya kuona mchoro. Swali ni kiasi gani, na kinachofuata kinalipwa lini.

Kwa ile kazi ya Sh80,000, mpango unaoeleweka ni kama huu: Sh32,000 mkishatia saini, Sh24,000 ukishaukubali mchoro, na Sh24,000 ukishakabidhiwa tovuti pamoja na funguo zake zote. Wengine hutaka nusu kwa nusu. Kwa kazi ndogo inakubalika, mradi ile nusu ya pili isidaiwe kabla ya kukabidhiwa. Usikubali malipo yanayofuata kalenda peke yake, kama "nyingine tarehe 15". Tarehe 15 hufika hata kama hakuna kilichofanyika. Malipo yafuate kitu unachoweza kukifungua kwa simu yako ukakiona. Na kikionekana na ukiridhika, lipa siku hiyo hiyo, usianze kumzungusha mwenzako.

Sasa kutuma kwenyewe. Lipa kwa Paybill au Till ya kampuni, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Liwe ni lile lile lililo kwenye makubaliano. Kama ni fundi anayejitegemea na hana Till, laini yake inatosha, lakini jina lilingane. Ukiambiwa "Till yetu inasumbua leo, tuma kwa hii namba ya mwenzangu", ngoja kesho. Kwa Paybill, mahali pa namba ya akaunti weka namba ya ankara, ili baadaye kila shilingi ijulikane ilikuwa ya nini. Ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Na kama biashara yako inalipa kodi, omba ankara ya eTIMS. Bila hiyo, kwa kawaida KRA haitakubali hiyo gharama unapopiga hesabu ya faida.

Mchoro, na mahali kazi husimama

Baada ya malipo ya kwanza, mbunifu anachora. Wengi hutumia Figma, na wewe unatumiwa kiungo cha kufungua. Hapo hakuna tovuti bado, ni picha ya tovuti, kama ramani ya nyumba kabla ya mawe kufika. Uangalie kwa simu, sio kwa kompyuta ya ofisini peke yake, kwa sababu wateja wako watakuja kwa simu, na wengine bando yao ni ya shilingi kumi. Ukitaka kubadilisha kitu kikubwa, ni sasa. Kuhamisha dirisha kwenye ramani ni kazi ya kifutio. Nyumba ikishasimama, unabomoa ukuta.

Jinsi ya kutoa maoni nayo ni kazi. Chagueni mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya biashara. Nimeona kazi ambapo mume anataka kijani, mke anataka zambarau, na shemeji aliyesoma kompyuta anatuma ujumbe wa sauti wa dakika saba saa nne usiku. Raundi tatu za marekebisho zikaisha kabla hawajaelewana wao kwa wao. Kusanyeni maoni yote, mkubaliane, halafu yaandikwe kwa ujumbe mmoja. Na mseme shida badala ya dawa. "Wateja wetu wazee hawataona hii namba ya simu" inamsaidia mbunifu kuliko "ongeza ukubwa mara mbili".

Lakini kinachochelewesha tovuti nyingi ni maneno na picha za mteja. Fundi amemaliza sehemu yake, kurasa ziko tayari, na mahali pa maelezo ya bidhaa pameandikwa maneno ya kujaza nafasi tu. Anaomba picha. Unasema utapiga wikendi. Wikendi inakuja na mvua. Wiki inayofuata kuna harusi. Mwezi umepita, yeye ameshaingia kwa kazi ya mtu mwingine, na wewe ukiulizwa unasema "hawa watu wa tovuti wanachelewa sana".

Kwa hivyo anza kukusanya hata kabla ya kutia saini. Kwa lile duka la viatu: kila aina ya kiatu, picha mbili kwenye mwanga wa mchana, jina, saizi zilizopo, bei. Maelezo mafupi ya biashara. Gharama za kutuma kwa kila mji. Masharti ya kurudisha kiatu kisichotosha. Hilo la kurudisha fundi hawezi kukutungia, kwa sababu ni uamuzi wa biashara, na wengi hulikumbuka siku ambayo mteja wa kwanza amerudisha kiatu.

Ujenzi wenyewe nitaupita haraka. Kwa duka la kawaida, fundi mara nyingi hutumia WordPress pamoja na WooCommerce, kwa sababu baadaye wewe mwenyewe unaweza kubadilisha bei na picha bila kumpigia simu. Anaijenga kwenye anwani ya majaribio ambayo watu wa nje hawaijui, nawe unapewa uingie uone. Ukiambiwa kazi iko asilimia 80 na hakuna anwani ya kufungua, hiyo asilimia imetoka hewani.

Kuunganisha malipo

Hapa ndipo inafaa uwe macho zaidi, na ndipo sisi tunapojua zaidi.

Mteja akibonyeza "Lipa", tovuti yako haigusi pesa. Inatuma ombi kupitia Daraja, ambao ni mlango uliofunguliwa na Safaricom mwaka 2017 ili programu za nje ziweze kuzungumza na M-PESA. Daraja inaipigia simu ya mteja ule ujumbe unaoruka kwenye skrini, ambao watu huuita STK, wenye jina la biashara yako na kiasi. Mteja anaweka PIN kwenye simu yake, na PIN hiyo haipiti kwa tovuti hata kidogo. Tovuti yoyote yenye kisanduku cha kuandikia PIN ya M-PESA ni ya wezi, au imetengenezwa na mtu asiyejua kazi. Yako isiwe hivyo.

PIN ikishawekwa, M-PESA inarudisha jibu kwa tovuti yako. Jibu hilo lina namba. 0 inamaanisha pesa imelipwa. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Oda inafaa kubadilika kuwa "imelipwa" baada ya jibu la 0 peke yake. Nimeona tovuti inayosema "asante kwa malipo" mara tu ombi linapotumwa, kabla mteja hajagusa PIN. Mwenye duka alikuwa anapeleka bidhaa za bure bila kujua. Nyingine inamwambia mteja aandike namba ya muamala kwenye kisanduku, na inakubali chochote kinachoandikwa.

Kuna na upande wa pili wa hilo. Kama tovuti ilikuwa imezimika sekunde ile jibu lilipokuja, pesa imeingia kwa Till yako lakini oda bado inasema haijalipwa. Mteja ana ujumbe wa M-PESA mkononi, na wewe unamwona kama mwongo. Dawa ni tovuti kuuliza yenyewe hali ya muamala ikiwa jibu limechelewa, na fundi kukuonyesha mahali pa kulinganisha oda na taarifa ya Till kila jioni. Ndiyo maana hostingi ya bei ya chini kupita kiasi, inayozima mara kwa mara, huishia kuwa ghali.

Kabla ya kwenda hewani, fundi hujaribu kwenye uwanja wa majaribio wa Daraja, ambako hutumika namba ya biashara ya kuigiza, mara nyingi 174379. Ukiona namba hiyo kwa tovuti yako baada ya kuzinduliwa, kazi haijaisha. Jaribio la kweli ni wewe kununua kitu cha shilingi kumi kwa simu yako. Fanya zaidi ya hapo: ghairi ombi makusudi, uone tovuti inasema nini. Jaribu kwa laini isiyo na salio. Acha ombi mpaka liishe lenyewe. Funga ukurasa katikati ya malipo halafu urudi. Mwambie mama yako ajaribu bila kumsaidia.

Halafu kuna suala la Till ni ya nani. Wakati mwingine fundi anasema, "Tumia yangu kwa sasa, nitakuwa nakutumia kila Ijumaa." Usikubali hata kwa siku moja. Pesa za wateja wako ziingie kwa Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara yako, na wewe uwe msimamizi wake mkuu. Kumpa fundi funguo za mfumo, zile herufi ndefu zinazounganisha tovuti na Daraja, ni sawa, hawezi kufanya kazi bila hizo. Kumpa neno la siri la msimamizi mkuu wa akaunti ya biashara ni jambo lingine. Hiyo ni akaunti ya kuhamishia pesa. Hatua inayohitaji akaunti hiyo ikifika, kaeni pamoja, na wewe ndiye uandike. Na funguo za mfumo zisikae kwenye WhatsApp milele. Mradi ukiisha, ziombe zibadilishwe.

Jina ni la nani?

Majina yanayoishia kwa .ke yanasimamiwa na KENIC, lakini hununui kwao moja kwa moja. Unapitia wasajili walioidhinishwa, na kampuni ya tovuti huenda ni mmoja wao au ina akaunti kwa mmoja wao. Biashara nyingi huchukua .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, na shule .sc.ke. Jina halinunuliwi likawa lako milele. Kwa kawaida unalilipia mwaka mmoja mmoja, na usipolipa linazimika, kisha baada ya muda linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa hivyo mwenye jina kwenye usajili awe wewe au biashara yako, na barua pepe ya mawasiliano iwe unayoifungua kila siku. Isiwe barua pepe ya jina hilo hilo, kwa sababu tovuti ikizimika nayo huenda ikazimika na hutapata hata notisi. Fundi anaweza kukusimamia, ila mmiliki uwe wewe. Tarehe ya kuisha unaweza kuiangalia wakati wowote kwa kutafuta jina lako kwenye huduma ya whois ya KENIC. Iandike kwa kalenda ya simu mwezi mmoja kabla.

Hostingi ni kitu tofauti. Hiyo ni nafasi kwenye kompyuta inayowaka saa 24, ambako tovuti inakaa. Jina ni kama sanduku la posta, hostingi ni chumba cha duka. Unaweza kuhama chumba ukabaki na sanduku, mradi sanduku ni lako.

Siku ya kukabidhiwa

Malipo ya mwisho yabadilishane na vitu, ana kwa ana ikiwezekana. Uwe na njia ya kuingia kwa msajili wa jina. Uwe na njia ya kuingia kwa hostingi. Kwa tovuti yenyewe uwe msimamizi mkuu, na ujaribu kuingia hapo hapo mbele yake, ubadilishe bei ya kitu kimoja ujionee. Upate nakala ya akiba ya tovuti nzima, uiweke mahali pako. Uone ile kufuli ya usalama kwenye anwani, na uulize nani anaihuisha. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na kwa kawaida hujihuisha vyenyewe kama seva imepangwa vizuri.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya iko upande wako zaidi ya unavyodhani: kazi ikiagizwa na kulipiwa, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hivyo soma mkataba unasema nini. Hata hivyo sheria haikupi neno la siri. Fundi ndiye mwenye kukupa.

Tovuti ikianza kukusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu wewe, hata kama aliyeandika programu ni mwingine. Usikusanye usichohitaji. Duka la viatu halina haja ya namba ya kitambulisho.

Kampuni nzuri hukaa nawe wiki kadhaa baada ya uzinduzi kurekebisha makosa yao bila malipo, na muda huo uandikwe kwenye makubaliano. Baada ya hapo huja ada ya matunzo ya kila mwezi. Uliza inalipia nini hasa. Kuhuisha WordPress, kuweka nakala za akiba na kuangalia kama malipo yanapita ni kazi halisi. Kama hakuna anayeweza kukuambia ilitumika kwa nini mwezi uliopita, isimamishe.

Ikiharibika

Andika kwanza. Tuma barua pepe fupi: tulikubaliana hiki, nimelipa kiasi hiki tarehe hizi, kilichobaki ni hiki, naomba kimalizwe kufikia siku fulani. Mara nyingi hiyo peke yake huamsha mtu, kwa sababu inaonyesha una rekodi. Mkishindwana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Hapo utahitaji yale makubaliano, ankara, mazungumzo ya WhatsApp yaliyohifadhiwa, na ushahidi wa malipo. Kama ulishafuta ujumbe wa M-PESA, usihangaike. Piga *334# au fungua programu ya M-PESA, uombe taarifa ya akaunti ya miezi uliyolipa, kisha tia alama kwa kila muamala uliokwenda kwa kampuni hiyo. Ukiwa uliweka namba ya ankara kwenye Paybill, unganisha kila muamala na ankara yake kabla ya kupeleka karatasi.